Nunua Siku, Azima Koti: Mwongozo wa Kuupanda Kilimanjaro kwa Mara ya Kwanza

Ukitangaza kwamba unakwenda kuupanda Kilimanjaro, utaulizwa koti umepata wapi, mabuti umenunua shilingi ngapi, na nani kakutuma. Swali kubwa kuliko hayo yote halitaulizwa na mtu: umejipa siku ngapi?

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu wa Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma au Mombasa ambaye mlima ameuona kwenye noti, kwenye chupa na kupitia dirisha la basi, na sasa ameamua kuukanyaga. Una shabaha moja: kukushawishi kwamba fedha yako ya kwanza inunue siku, na koti liazimwe. Baridi utaizuia hata kwa sweta la shemeji. Hewa nyepesi haizuiwi na nguo yoyote. Dawa yake ni muda.

Hatua ya kwanza: Unda kamati

Mambo yetu makubwa yote huendeshwa na kamati, na mlima nao unastahili yake. Fungua kundi la WhatsApp. Watajiunga watu thelathini. Watatuma picha za theluji, maneno ya kutiana moyo, na video ya mtu aliyeteleza kwenye mlima mwingine kabisa duniani. Siku mweka hazina atakapotaja mchango wa kuanzia, watabaki saba, na hao saba ndio msafara. Usiwanunie waliotoka, wao ndio watakaokuazima soksi.

Kamati ianze na tarehe. Miezi iliyo mikavu zaidi ni Januari hadi mwanzoni mwa Machi, kisha Juni hadi Oktoba. Masika yaacheni yapite. Njia ya msituni huwa tope na mawingu hufunika kila kitu mlichokwenda kukiona. Wengi wetu hupenda Desemba kwa sababu ya tarehe 9, kumbukumbu ya mwaka 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera ya taifa jipya na mwenge kileleni. Ni tarehe yenye heshima, nami ninawaunga mkono wanaoichagua. Wajue tu kwamba vuli huenda ikawa haijaondoka, hivyo koti la mvua lisisahaulike.

Kisha ije kampuni. Hupandi Kilimanjaro peke yako. Hifadhi hairuhusu mtu kuingia bila mwongozaji mwenye leseni. Ada za hifadhi huhesabiwa kwa siku, kuingia na kulala, na raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana kuliko anacholipa mgeni kutoka Ulaya au Marekani. Beba kitambulisho cha taifa au pasipoti, kwa sababu getini hawatambui uraia kwa lafudhi. Nafuu hiyo usiimalize kwenye miwani ya jua. Nunulia siku.

Hatua ya pili: Ongeza siku moja kuliko uliyoshauriwa

Watakaokuuzia safari watakupa hesabu fupi: siku tano kwa njia ya Marangu, sita kwa Machame. Hesabu hiyo inawezekana, na wapo waliofika kwayo. Itazame kwa karibu, hata hivyo. Geti la Marangu liko kwenye mita 1,800 na ushei. Siku ya kwanza unalala Mandara, karibu mita 2,700. Ya pili Horombo, karibu mita 3,700. Ya tatu Kibo, mita 4,700. Usiku huohuo, kabla mwili haujaelewa umefikishwa wapi, unaamshwa uende mita 5,895. Hapo kila pumzi inakupa takriban nusu ya oksijeni unayoipata ukiwa ufukweni Coco.

Siku ya ziada hubadilisha hesabu yote. Kwa njia ya Marangu, unakaa Horombo usiku wa pili. Mchana unapanda hadi Miamba ya Pundamilia, karibu mita 4,000, unapiga picha, unarudi kulala chini. Kwa njia ya Machame, unapita Lava Tower kwenye mita 4,600 hivi, unakula chakula cha mchana huku kichwa kikigonga, kisha unateremka kulala Barranco, karibu mita 3,900. Siku ya ziada ya njia hiyo hutumika kwa kulala kambi ya Karanga badala ya kuunganisha moja kwa moja hadi kambi ya Barafu. Kanuni ni moja: panda juu, lala chini. Mwili ukipewa nafasi hupumua kwa kasi zaidi, hurekebisha damu na kujizoesha. Hauharakishwi kwa maombi wala kwa misuli. Vijana wa mazoezi ya gym huugua kama wengine, na mara nyingi huugua mapema kwa sababu hutembea haraka.

Historia ya mlima wenyewe inasema hivyohivyo. Mjerumani Hans Meyer alijaribu mwaka 1887, barafu ikamrudisha. Mwaka 1888 hakuufikia hata mlima. Vita vya Abushiri vilimkuta Usambara akatekwa. Mwaka 1889 alikuja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima kutoka Austria, na wenyeji akiwamo Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa kwa kuwaongoza. Safari hiyo alipanga kambi njiani, na chakula kikawa kinapandishwa kutoka Marangu, ili akishindwa asilazimike kurudi nyumbani. Oktoba 3 walifika ukingo wa kreta wakiwa wamechoka kwa kukata ngazi kwenye barafu. Waligeuka, wakashuka, wakapumzika. Oktoba 6 wakasimama kileleni. Walikuwa na mabuti yaleyale na makoti yaleyale. Walichokuwa nacho safari hii ni siku.

Hatua ya tatu: Andaa miguu, pima damu

Huwezi kuuzoea urefu wa mlima ukiwa Kinondoni, lakini miguu unaweza kuiandaa popote. Anza miezi mitatu kabla. Panda ngazi za jengo la ofisi ukiwa na begi mgongoni, na ushuke nazo pia. Kushuka ndiko kunakoumiza magoti. Jumamosi tembea saa nne au tano bila kukimbia. Mara moja au mbili kwa mwezi tafuta kilima cha kweli: Lupanga juu ya mji wa Morogoro, vijia vya Lushoto, au Longonot kwa walio Nairobi. Mwenye nafasi aupande kwanza Mlima Meru, wenye zaidi ya mita 4,500. Hapo mwili unapata somo la kweli, na askari wa hifadhi mwenye bunduki anakusindikiza kwa sababu ya nyati.

Mwone daktari wiki kadhaa kabla. Mweleze kuhusu presha, moyo, pumu na kisukari. Kwa watu wa ukanda wetu kuna kipimo ambacho miongozo ya Wazungu hukipita upesi: selimundu. Hewa nyepesi inaweza kumletea mwenye ugonjwa huo maumivu makali na hatari kubwa, na hata aliyerithi vinasaba vyake upande mmoja tu, ambaye nyumbani haumwi, anaweza kupata tatizo la bandama akiwa juu. Jua hali yako kabla hujalipa. Mwulize daktari pia kuhusu asetazolamidi, inayojulikana kwa jina la Diamox. Husaidia mwili kuzoea, lakini haifai kwa kila mtu, hukojoza sana na huleta ganzi ya vidole. Usimeze ya jirani.

Hatua ya nne: Sasa koti

Hapa ndipo Mwafrika Mashariki anapomshinda msafiri yeyote duniani, kwa sababu ana mtumba. Makoti ya theluji ambayo Ulaya hununuliwa kwa bei ya pikipiki yananing'inia Karume, Gikomba na soko la Memorial pale Moshi. Nenda asubuhi, mabelo yakiwa yanafunguliwa. Vuta zipu mara tano. Geuza koti nje ndani uangalie mishono. Mwagia mkono wa koti maji ya chupa mbele ya muuzaji. Likinywa, hilo ni la kwenda nalo Makambako, si kileleni. Kama hulipati, kampuni nyingi za Moshi hukodisha makoti, mifuko ya kulalia na fimbo za kutembelea. Kuazima na kukodi hakumpunguzii mtu heshima.

Mabuti ni habari nyingine. Haya yawe yako, na uyavae mpaka yakujue. Nunua namba inayoacha nafasi mbele ya vidole, kwa sababu siku ya kushuka vidole vyote husukumwa mbele, na kucha zisizokatwa hung'oka. Ukiyapata mtumbani, kunja soli kwa nguvu na uangalie gundi. Mabuti yaliyokaa ghalani miaka mingi huonekana mapya, kisha soli hubanduka siku ya pili ya safari, mbali na fundi yeyote. Yatembelee mtaani, kazini, kanisani au msikitini. Malengelenge yakutokee ukiwa karibu na duka la dawa.

Nguo za ndani zisiwe za pamba. Pamba hushika jasho, jasho hupoa, nawe unaganda. Jezi ya mpira ya kitambaa chepesi hukauka haraka na inafaa sana. Ya Simba au ya Yanga, mlima hautazami, ingawa kamati itatazama. Juu yake sweta la sufu au la manyoya mepesi, na juu ya yote koti lisilopitisha maji wala upepo. Suruali za jinzi ziache nyumbani zote. Usiku wa kilele baridi hushuka chini ya sifuri kwa nyuzi kumi na zaidi, na upepo huongeza ukali wake, hivyo vaa tabaka nne au tano juu na tatu chini. Beba glavu nzito, boshori linaloziba masikio, na soksi nene ambazo hujazivaa siku nyingine yoyote.

Hatua ya tano: Fungasha mabegi mawili

Begi kubwa litabebwa na mgumu; ndivyo wapagazi wa mlima huu wanavyojiita, na wana haki ya jina hilo. Liwe laini, lisiwe sanduku la magurudumu. Ndani yake weka mfuko wa kulalia, nguo za baridi, nguo za kubadili, ndala za kambini, sabuni ndogo, mafuta ya kujipaka, karatasi za chooni na taulo ndogo. Akina dada waongeze pedi hata kama tarehe haijafika, kwa sababu urefu huweza kuvuruga mzunguko. Na mfuko wa kushukia nazo, kwa kuwa hakuna gari la taka litakalopita. Kanga moja ina kazi kumi: pazia la kubadilishia nguo, mto, shuka, na kitambaa cha kujifungia kiuno chooni usiku.

Begi dogo unabeba mwenyewe. Humo kuna maji, koti la mvua, sweta moja, kofia ya jua, miwani, krimu ya jua, dawa zako, kitambulisho na kitafunwa. Usidanganywe na wanaosema ngozi yetu haiungui. Juu ya theluji inaungua, na macho nayo huumia. Tochi ya kichwani iwe na betri za akiba. Simu na pawabenki zilale nawe ndani ya mfuko wa kulalia, maana baridi hunyonya betri. Mtandao upo sehemu nyingi za mlima, na tangu mwaka 2022 hata Horombo imefikishiwa intaneti, kwa hiyo mama atapata habari zako. Mwambie mapema kwamba ukimya wa saa kumi haumaanishi msiba.

Maji yawe lita tatu kwa siku, kwenye chupa ngumu. Chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kuingia hifadhini, na mifuko ya plastiki ni marufuku nchini kote tangu Juni 1, 2019. Usiku wa kilele zifunike chupa kwa soksi na uzisimamishe kichwa chini. Maji huanza kuganda juu, hivyo mdomo utabaki wazi.

Kuhusu chakula, jua kwamba hamu ya kula itapungua kila siku. Beba vitu ambavyo ungevila hata ukiwa mgonjwa: kashata, karanga, korosho, tende, ubuyu, tangawizi ya kutafuna. Ukitaka ugali au mtori, mwambie mpishi kabla hajanunua vyakula Moshi, kwa kuwa mara nyingi orodha yake imeandaliwa kwa midomo ya wageni. Pombe iache mpaka urudi chini.

Hatua ya sita: Pima mzigo wa mgumu kabla ya wako

Getini kuna mizani. Mgumu haruhusiwi kubebeshwa mzigo wa zaidi ya kilo 20. Begi lako lisizidi kilo 15. Simama pale mizigo inapopimwa. Usiposimama, kuna siku kilo za ziada hurudi mgongoni kwa mtu baada ya kona ya kwanza.

Kabla ya kulipia safari, iulize kampuni: wagumu wanalipwa kiasi gani kwa siku, wanakula mara ngapi, wanalala kwenye hema gani? Asiyekuwa na jibu usimpe fedha yako. Safari ya bei ya kutupa hailipwi na kampuni. Inalipwa na kijana anayelala amekunja magoti kwenye hema linalovuja. Sisi tunaozungumza naye lugha moja hatuna kisingizio cha kutojua. Mwulize jina, mwulize kwao, mwambie pole na kazi. Akija nyuma yako na mzigo kichwani, simama upande wa mlima, mpishe.

Hatua ya saba: Jifunze kujibu salamu upya

Tumelelewa vizuri. Mtu akituuliza hali, tunasema njema, hata tukiwa na homa. Mlimani adabu hiyo inaua. Mwongozaji atakuuliza asubuhi na jioni unajisikiaje, umelalaje, umekula, umeenda haja. Haulizi kwa heshima tu, anapima. Mjibu ukweli wote. Kichwa kuuma kidogo, usingizi wa mang'amung'amu na kichefuchefu ni mambo ya kawaida ambayo mapumziko na maji huyapunguza. Kichwa kinachozidi kuuma baada ya dawa, na kutapika kusikokoma, ni sababu ya kutopanda zaidi.

Halafu zipo dalili ambazo hazina mjadala. Mtu anapepesuka na hawezi kutembea kwenye mstari ulionyooka, kisigino mbele ya kidole. Anaongea maneno yasiyoungana. Anakosa pumzi akiwa amekaa, au anakohoa povu. Huyo anateremshwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, hata kama kilele kinaonekana, hata kama ndiye mwenyekiti wa kamati. Ubongo au mapafu yake yanaingiwa na maji, na tiba yake ya kwanza ni kushuka. Kubalianeni jambo hili mkiwa bado Moshi, mbele ya wote, ili huko juu pasiwe na kubembelezana.

Hatua ya nane: Usiku wa kilele

Mtaamshwa karibu saa tano usiku, chai na biskuti, na kwenye saa sita mtaanza. Huanzwa usiku ili mfike alfajiri, wakati changarawe za Kibo bado zimeganda na hazirudishi mguu nyuma. Tembea polepole kiasi cha kuweza kuzungumza sentensi nzima. Ukishindwa kuimaliza, punguza. Usiangalie juu kuhesabu taa za waliotangulia. Angalia visigino vya mwongozaji. Msimame kidogo kila mara, lakini msikae muda mrefu, baridi itawakuta.

Wa Marangu watatokea ukingoni mwa kreta pale Gilman's Point, wa Machame pale Stella Point. Kutoka Gilman's, kilele cha Uhuru kiko juu zaidi kwa takriban mita 200, na njia ya ukingoni huchukua kama saa moja na nusu au mbili. Pima nguvu zako kwa kukumbuka kwamba bado kuna kushuka: siku hiyohiyo mtateremka hadi Horombo au kambi ya Mweka, na ajali nyingi za goti na kifundo cha mguu hutokea huko, watu wakiwa wamechoka na wameshafurahi. Kama mwili unakataa, geuka. Aliyegeukia Gilman's amefika mahali ambapo Watanzania wengi hawajafika, na Meyer naye aligeukia ukingo uleule akarudi baadaye.

Hatua ya tisa: Ukishashuka

Bahashishi ipangwe na kamati kabla ya safari na igawiwe hadharani getini, kila mmoja akisikia kiasi cha mwongozaji, cha mpishi na cha mgumu. Glavu na sweta ambazo hutazihitaji tena zipe wagumu wenyewe, au zipeleke KPAP, mradi wa Moshi unaotetea maslahi yao na kuwaazima nguo za baridi. Pokea cheti chako. Lala siku mbili.

Kisha wale ishirini na tatu waliotoka kwenye kundi wataanza kukuuliza. Wajibu kwa hesabu: ulilipa nini kwa jumla, ulilala wapi, siku ipi ilikuwa ngumu, ulitapika wapi, nini ulibeba bure. Usiwatishe na usiwadanganye kwamba ni matembezi ya bustanini. Mlima huu uko nchini mwetu, na wengi miongoni mwetu wanauacha kwa sababu tu hakuna aliyewapa hesabu kamili. Wape hiyo, uwaambie waongeze siku moja, halafu uwatake watoe mchango wa kuanzia.